Mawese ya Walikale, Maziwa ya Masisi

Mawese yanayokamuliwa Walikale, kwenye misitu ya bonde la mto Lowa, hukaa majimaji ndani ya bidoni mchana kutwa. Yakipandishwa Masisi, kwenye milima inayopita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, usiku mmoja tu unatosha kuyabadilisha. Chini hutua uji mzito wa rangi ya chungwa, juu hubaki mafuta mepesi mekundu. Mnunuzi asiyejua anaweza kudhani ameuziwa mafuta yaliyochakachuliwa. Ni mafuta yale yale. Yamekutana na baridi, na baridi imeonyesha jinsi yalivyoumbwa.

Naanza na bidoni hiyo kwa sababu tunapozungumzia chakula katika Kivu Kaskazini, mafuta huwa tunayasahau. Tunahesabu magunia ya maharagi, ya mahindi na ya unga wa muhogo. Tunauliza kama mtoto amepata kitu cha kujenga mwili, yaani nyama, samaki au maziwa. Mafuta tunayaweka kundi moja na chumvi na kitunguu, vitu vya kutia ladha, na mfuko ukikauka ndiyo tunayoyapunguza kwanza. Biolojia inasema hapo tunakosea. Mwili wa mtoto umejengwa kwa mafuta tangu kwenye ukuta wa kila seli, na chakula cha muhogo na majani hakiwezi kumlea vizuri bila hayo. Teritwari hizi mbili zinazopakana zinatoa mafuta ya aina mbili yanayokamilishana kwa namna ya ajabu. Kuyakutanisha kwenye sahani moja ni jambo la afya ya umma, na lingepaswa kupewa uzito huo.

Mnyororo ulionyooka na uliopinda

Mafuta ya kupikia, siagi, nta, kolesteroli na vitamini A, D, E na K ni vya jamii moja kubwa ambayo wanasayansi huiita lipidi. Kinachoziunganisha ni kwamba hazipatani na maji. Mafuta tunayokula mengi ni trigliseridi, yaani molekuli ndogo ya gliseroli iliyoshika asidi tatu za mafuta. Kila asidi ya mafuta ni mnyororo wa kaboni, mara nyingi 16 au 18, na kaboni hizo zimebeba haidrojeni.

Siri yote iko katika haidrojeni hizo. Mnyororo uliojaa haidrojeni kila mahali hunyooka. Mnyororo uliopungukiwa huwa na kaboni mbili zilizoshikana kwa kifungo maradufu, na hapo hupinda. Kuni zilizonyooka hupangwa zikabanana kwenye mzigo mmoja, lakini matawi yaliyopinda huacha nafasi kila upande. Vivyo hivyo minyororo iliyonyooka hubanana na kuganda mapema, na iliyopinda huendelea kutiririka hata kwenye baridi.

Mawese yako katikati. Karibu asilimia 44 ya asidi zake ni ya palmitiki, yenye kaboni 16 na iliyojaa haidrojeni. Karibu asilimia 40 ni ya oleiki, yenye kaboni 18 na pindo moja. Asilimia 10 hivi ni ya linoleiki, yenye mapindo mawili. Kwa hiyo kuna joto fulani ambalo sehemu moja ya mawese huganda na nyingine hubaki majimaji. Viwanda vikubwa hutumia mashine za kupoza ili kuzitenga sehemu hizo mbili. Kwenye njia ya kupanda Masisi mlima unafanya kazi hiyo bila mashine, kwa kuwa joto hupungua takribani nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 tunazopanda.

Mchikichi unaotupa mawese ni mti wa tambarare zenye joto. Hauna sababu ya kutengeneza mafuta ya kustahimili baridi, maana tunda lake haliijui baridi. Alizeti, iliyotoka nchi zenye majira ya baridi, hujaza mbegu zake asidi zilizopinda, na mafuta yake hayagandi kirahisi. Mafuta ya kiumbe hubeba alama ya joto la mahali kiumbe hicho kinapoishi.

Ng'ombe wa Masisi anatuonyesha jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Majani mabichi ya malisho yana asidi ya linoleniki kwa wingi, ambayo ina mapindo matatu. Lakini kabla asidi hiyo haijafika kwenye damu, bakteria wa tumbo la kwanza la ng'ombe huijaza haidrojeni na kuinyoosha. Kama asidi hizo zilizonyooshwa zote zingeingia kwenye maziwa vilevile, mafuta ya maziwa yangekuwa magumu mno. Kiwele kina dawa mbili. Hutengeneza asidi fupi, kama ile ya butiriki yenye kaboni 4 tu, ambazo huyeyuka upesi. Pia hurudisha pindo moja kwenye sehemu ya minyororo iliyonyooshwa. Matokeo yake ni mafuta yanayotiririka katika mwili wa ng'ombe wenye nyuzi 38 au 39, kisha yanakuwa siagi ngumu asubuhi ya Masisi.

Mwili unayafanyia nini

Mafuta tunayoyaona kiunoni ni akiba. Kazi nzito zaidi hufanyika mahali tusipopaona. Kila seli ya mwili imezungukwa na utando wa fosfolipidi, molekuli zenye mikia miwili ya mafuta na kichwa kinachopenda maji. Zikiwekwa ndani ya maji hujipanga zenyewe safu mbili, mikia ikielekea ndani na vichwa nje. Utando huo ndio unaoamua kipi kiingie kwenye seli na kipi kitoke. Kolesteroli, ambayo watu wengi wanaijua kwa ubaya tu, huupa utando huo uimara, na mwili huitumia kutengeneza nyongo na homoni za uzazi. Ubongo nao, ukiondolewa maji, zaidi ya nusu ya uzito wake ni lipidi.

Mtoto anayezaliwa Pinga ya Walikale au Nyabiondo ya Masisi hujenga sehemu kubwa ya ubongo huo katika miaka miwili ya kwanza. Maziwa ya mama yanalijua hilo, ndiyo sababu karibu nusu ya nishati yake hutokana na mafuta. Tatizo huanza mtoto akifikisha miezi sita, anapoanza kula. Shirika la FAO na lile la Afya Duniani, WHO, yanashauri kwamba kati ya miezi 6 na 24 takribani asilimia 35 ya nishati ya mtoto itokane na mafuta. Unga wa muhogo una mafuta chini ya asilimia 1. Mtoto anayeachishwa ziwa na kupewa uji wa muhogo mtupu anaondolewa kwenye chakula chenye mafuta mengi na kuingizwa kwenye chakula ambacho karibu hakina kabisa, tena wakati ubongo wake unayahitaji kuliko wakati mwingine wowote wa maisha.

Kuna pia suala la ukubwa wa tumbo. Gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9, na gramu moja ya wanga au protini hutoa 4. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo, na uji huwa maji kwa sehemu kubwa. Anashiba kabla hajapata nishati ya kumtosha. Kijiko kimoja cha chai cha mawese kikiongezwa kwenye bakuli huleta takribani kalori 40 bila kuongeza ujazo. Mama haongezi sufuria wala kuni.

Zipo pia asidi mbili ambazo mwili wa binadamu hauwezi kuzitengeneza, ya linoleiki na ya alfa-linoleniki. George na Mildred Burr, mume na mke waliofanya kazi Chuo Kikuu cha Minnesota, walionyesha mwaka 1929 kwamba panya walionyimwa mafuta kabisa waliugua ngozi na kuacha kukua, hata walipopewa chakula kingine chote. Mawese yanatoa linoleiki ya kutosha, lakini alfa-linoleniki ndani yake ni kidogo mno. Hiyo inapatikana kwenye majani ya kijani, soya, na kwa kiasi fulani kwenye maziwa ya ng'ombe anayelishwa majani mabichi. Sambaza wa Ziwa Kivu, samaki waliohamishwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, huleta aina ndefu zaidi za jamii hiyo, ambazo ubongo na macho huzitumia moja kwa moja. Hapa ndipo Walikale inapoihitaji Masisi, na zote mbili zinalihitaji ziwa.

Sombe na rangi nyekundu

Wekundu wa mawese unatokana na karotini. Mawese ghafi huwa na miligramu 500 hadi 700 za karotini kwa kila kilo, na mwili huigeuza karotini kuwa vitamini A. Vitamini hiyo hulinda macho, ngozi na kinga ya mwili. Mtoto anayeikosa huanza kushindwa kuona jioni, na surua au kuhara vinamkuta hana ulinzi.

Majani ya muhogo, ambayo ndiyo hupikwa sombe, pia yana karotini nyingi, lakini imefungwa ndani ya seli za jani, na haiingii mwilini bila mafuta. Ili ipite kwenye utumbo ni lazima kwanza iyeyuke ndani ya matone ya mafuta yaliyovunjwavunjwa na nyongo. Wataalamu wa lishe wamepima tofauti hiyo. Mtu anahitaji mikrogramu 12 za beta-karotini ya kwenye mboga ili apate mikrogramu 1 ya vitamini A. Ikiwa karotini imeshayeyuka ndani ya mafuta, 2 tu zinatosha. Kijiko kimoja cha chai cha mawese mekundu ambayo hayajaunguzwa kinaweza kumtosheleza mtoto mdogo vitamini A ya siku nzima.

Sombe, basi, ni chakula kilichokamilika kwa akili nyingi. Kutwanga huvunja seli za jani na kuiachia karotini. Kutwanga huko huko, pamoja na kuchemsha kwa muda mrefu, hupunguza sumu ya sianidi. Mawese huibeba karotini hadi kwenye damu, na karanga huongeza mafuta mengine na protini. Akina mama wa Kivu walifika hapo kwa kupika na kuangalia watoto wao, na maabara ilikuja baadaye kuwaunga mkono. Vidonge vya vitamini A ambavyo kampeni za afya huwapa watoto wa miezi 6 hadi 59 navyo vimejazwa vitamini iliyoyeyushwa kwenye mafuta, kwa sababu hiyo hiyo.

Tunapoyachoma mawese hadi yapoteze wekundu, tunaiharibu zawadi hiyo. Wapo wanaopenda mafuta meupe kwa kuwa yanafanana na ya dukani. Meupe yana kalori zile zile, lakini karotini imekwisha kuungua. Kwa nyumba yenye mtoto mdogo, ninasihi mafuta yaachwe mekundu, na sehemu yake itiwe chakula kikikaribia kuiva.

Mafuta peke yake hayatoshi

Nisingependa msomaji aondoke akidhani mawese yanaponya kila kitu. Mtoto mwenye kwashakoo, aliyevimba miguu na uso, mara nyingi ini lake limejaa mafuta. Ini huyasafirisha mafuta kwenye damu kwa kuyafunga na protini maalumu, na lisipoweza kuzitengeneza, mafuta hubaki palepale. Mtoto huyo ana njaa ya nishati huku mafuta yamekwama ndani yake. Kwa sababu hiyo mafuta na protini vinapaswa kwenda pamoja, na maziwa ya Masisi yana nafasi ambayo mawese hayawezi kuijaza.

Chakula-tiba cha karanga wanachopewa watoto wenye utapiamlo mkali kimefuata kanuni hiyo hiyo. Kilibuniwa mwaka 1996 na daktari wa watoto André Briend pamoja na Michel Lescanne, wote Wafaransa. Pakiti moja ina gramu 92 na kalori 500. Ndani yake kuna karanga, mafuta ya mimea, unga wa maziwa, sukari, vitamini na madini. Kwa kuwa unga umezama kwenye mafuta na hakuna maji, bakteria hawapati mahali pa kuzaliana, na pakiti hukaa muda mrefu bila friji. Ukitazama orodha hiyo, utaona karanga na mafuta ya bondeni pamoja na maziwa ya mlimani. Chakula hicho ni tiba inayotolewa kwa vipimo na uangalizi, na uji wa nyumbani hauwezi kushika nafasi yake. Lakini uji wenye mawese, maziwa na karanga zilizosagwa unaweza kumzuia mtoto asifike kwenye kitanda cha hospitali.

Wanaoonya kuhusu mafuta yaliyojaa haidrojeni nao wana hoja. Yakizidi huongeza kolesteroli inayoziba mishipa, na mtu mzima wa Goma anayekula vitu vya kukaangwa kila siku anapaswa kulizingatia hilo. Ila onyo la mtu aliyezidisha haliwezi kuwa kanuni ya mtoto aliyekosa.

Kutunza kilichopatikana

Ngazi, yaani tunda la mchikichi, lina adui ndani yake, kimeng'enya cha lipasi. Tunda likiwa zima, kimeng'enya hicho na mafuta havigusani. Likipondeka, lipasi huanza kukata asidi za mafuta kutoka kwenye gliseroli, na mafuta huwa machungu. Soko la kimataifa huyataka mawese ghafi yasizidishe asilimia 5 ya asidi huru. Wakamuaji wengi wadogo huacha mikungu siku kadhaa ili ngazi zidondoke zenyewe, na siku hizo ndizo lipasi inazozitumia. Dawa yake ni rahisi: ngazi zichemshwe mapema, ikiwezekana siku ile ile ya kuvunwa, maana moto huiua lipasi. Kisha mafuta yakaushwe maji na kuwekwa kwenye chombo kilichofungwa, mbali na jua, kwa sababu mwanga na hewa huyachachisha.

Mbegu nazo zinahitaji elimu. Maji ya Lowa huingia Lualaba, hupita Kisangani, kisha hufika Yangambi, ambako mwaka 1941 watafiti Beirnaert na Vanderweyen walieleza urithi wa mchikichi. Mti wa dura una kokwa lenye ganda nene na nyama kidogo. Wa pisifera hauna ganda, lakini mara nyingi hauzai vizuri. Ukizalisha hiyo miwili pamoja unapata tenera, wenye ganda jembamba na mafuta mengi. Mashamba makubwa ya Asia yalijengwa juu ya ugunduzi huo uliofanyika Kongo. Mkulima wa Walikale akipanda mbegu za tenera alizookota shambani, robo ya miche itarudi kuwa dura na robo nyingine kuwa pisifera. Anastahili miche bora kutoka taasisi za nchi yake mwenyewe.

Kwa kutunza maziwa, Masisi ilipata jibu lake kwenye jibini. Lita 10 hivi za maziwa hutoa kilo moja ya jibini, na maziwa ambayo yangeharibika kwa siku moja hukaa wiki nyingi bila umeme, mafuta na protini zikiwa pamoja. Ufundi huo, ulioletwa na wamisionari Wakatoliki, sasa ni wa watu wa Masisi wenyewe.

Barabara ni sehemu ya lishe

Yote haya yanategemea amani. Mauaji ya Ntoto, Walikale, mwezi wa Machi 1993 yaliwasha vita vilivyosambaa hadi Masisi, na katika miaka iliyofuata mifugo mingi sana iliporwa na kuchinjwa. Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi-centre, kisha Goma. Machi 19 mwaka huo huo waliingia Walikale-centre, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Kila mara familia zinapokimbia, shamba la michikichi hubaki nyuma, kwa kuwa mti wa miaka mingi haubebeki. Ng'ombe akiporwa, mafuta, protini na akiba ya nyumba huondoka kwa siku moja. Mgao wa kawaida wa misaada una gramu 25 hivi za mafuta kwa mtu kwa siku, yaliyoongezwa vitamini A na D. Huokoa maisha, lakini ni takribani vijiko viwili vya chakula visivyojaa.

Kwa hiyo ninawaomba wanaopanga miradi wayapime mafuta kama wanavyopima unga. Katika kila tathmini ya chakula, swali moja liongezwe: mtoto huyu wa chini ya miaka miwili alipata mafuta gani jana? Anayetengeneza barabara ya Walikale kupitia Nyabiondo ajue kwamba bidoni ya mawese inayopanda na jibini linaloshuka ni kazi ya lishe sawa na zahanati. Anayeweka vizuizi na kumtoza ushuru mwanamke mwenye bidoni moja mgongoni ajue anakata chakula cha ubongo wa mtoto ambaye hatamwona kamwe. Na wakufunzi wa afya vijijini waanze na lile linalowezekana leo, hata kabla ya amani: mafuta yabaki mekundu, ngazi zichemshwe mapema, na uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita usipakuliwe bila kijiko cha mawese.

Sayansi ya mafuta haina gharama ya kuifundisha, na malighafi yake imo humu humu kwetu. Kilichobaki ni kuipa nafasi kwenye mipango yetu, kuanzia jikoni hadi ofisi ya gavana.